Hukuwa Mtoto Mtulivu

Mwanangu Felista,

Shikamoo yako ya asubuhi nilikwisha kuiitikia, na habari za nyumbani unazijua kuliko mimi. Basi niache salamu, niingie moja kwa moja katika jambo lililonikalisha hapa nyuma ya nyumba tangu saa nane, wewe ukiwa umekwenda na mtoto kuwaaga watu wa parokiani. Naona nina saa mbili hivi kabla hujarudi. Mwandiko wangu utauvumilia, maana kwa miaka zaidi ya ishirini nimeandika majina ya wagonjwa na majina ya dawa tu, na barua ya namna hii sijapata kumwandikia mtu.

Ya safari sitayagusa. Shangazi yako amekwisha kukuagiza yote, na mengine mara tatu: maji yachemshwe, chandarua kichomekwe chini ya godoro, Korogwe kuna joto usimvike mtoto sweta. Sweta zenyewe kazifuma yeye, nne nzima, na bado anakukataza kuzitumia. Gaspari mumeo atakupokea pale stesheni ya Korogwe, na nyumba ya reli aliyopewa umeniambia ina jiko zuri. Hayo yana wenyewe. Mimi nina moja tu, nalo limeninyima raha tangu juzi.

Juzi asubuhi ulikuwa umeketi mlangoni na Aloisi analia. Alikuwa amekwisha kunyonya, amebadilishwa kitambaa, amebebwa mgongoni na begani, na bado analia mpaka kidevu kinatetemeka. Mimi nilikuwa napita kwenda kwenye kahawa. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Baba, hata mimi nilikuwa nalia hivi?"

Nikakujibu, "Wewe? Wewe ulikuwa mtoto mtulivu. Mtu angepita hapa asijue kama ndani mna mtoto."

Nikaenda zangu. Nilipofika kwenye mfereji nikageuka, nikakuona unajifuta macho kwa pembe ya kanga. Jioni nikakusikia ukimwambia shangazi yako, "Labda maziwa yangu hayafai, Shangazi. Mama aliweza, mimi siwezi." Nilikuwa nje ya ukuta, nina kuni mkononi. Nilitaka kuingia niseme. Nikaziweka kuni chini taratibu ili msinisikie, nikaondoka.

Nilichokujibu mlangoni ni kweli na ni uongo. Ni kweli ulikuwa kimya. Lakini hukuwa mtoto mtulivu, Felista. Ulinyamazishwa, na aliyekunyamazisha ni mimi baba yako. Mama yako hayupo, na Bibi yako hayupo, wote wawili wamelala pale kwenye migomba. Nisipokuambia mimi, hakuna mwingine aliyebaki wa kukuambia, na kesho utapanda treni ukiamini kwamba mama yako alikuwa mama hodari na wewe hufai. Siwezi kukuacha uende hivyo.

Ulipozaliwa nilikuwa dresa kijana, wa kuosha na kufunga vidonda, wa pili tu kutoka upande wetu huu wa Kibosho kuvaa kaptula nyeupe ya hospitali. Nilijiona sana. Nilipokuwa nikipanda kutoka mjini jioni, nilikuwa nasimama kabla ya kufika kwa majirani nifute vumbi kwenye viatu, ili nipite vinang'aa. Mama yako alinicheka kwa hilo mpaka anakufa. Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Aliyekosea ni mimi.

Pale palikuwa na muuguzi mmoja Mzungu, mama wa makamo, mwenye huruma na asiyechoka. Kila wiki alikuwa na darasa la wanawake wenye watoto wachanga, na mkalimani wake nilikuwa mimi. Alikuwa akisema mtoto anyonye kwa saa: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, basi. Katikati asiguswe. Akilia aachwe, kulia kunapanua mapafu. Anayebebwa kila akilia atakuja kuwa bwana wa nyumba. Ndivyo alivyofundishwa kwao, naye alituletea kwa nia njema kabisa. Wanawake walikuwa wanasikiliza, wanaziba midomo kwa kanga wasionekane wakicheka, kisha wanatoka nje na kuwanyonyesha watoto wao pale pale kwenye ngazi. Katika darasa zima mwanafunzi alikuwa mmoja tu, naye ni mkalimani.

Nilinunua saa ya mezani katika duka la Mhindi mjini, ile yenye kengele juu. Nilikuwa nimeshaipata mama yako hajajifungua.

Unajua desturi yetu, maana wewe mwenyewe umetoka kuipitia. Mzazi anakaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, habebi maji. Mama mkwe anampikia mtori, anampa maziwa na mafuta, na mtoto anapita kutoka mikono hii kwenda mikono ile, hana nafasi ya kuguswa na ardhi. Wewe mama mkwe wako ni mgonjwa, ndiyo sababu ukaja kujifungulia huku na shangazi yako akakuhudumia. Kazi ya mwanamume katika miezi hiyo ni kuchinja, kuleta nyama, na kuwa mbali. Baba yangu alijua kuwa mbali. Mimi niliingia ndani na saa yangu, nikaiweka juu ya rafu, nikawaambia mama yako na mama yangu, "Kuanzia leo tutafuata utaratibu."

Bibi yako akaitazama ile saa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hiyo ina maziwa?"

Mama yako akacheka. Nilikasirika kwa kile kicheko, nikasema neno ambalo ningelirudisha leo kama lingekuwa linarudishika. Nikamwambia mama yangu, "Mama, mambo yenu ya kizamani ndiyo yanayoua watoto." Nilimwambia hivyo mwanamke aliyezika watoto wawili kabla ya kunipata mimi. Alikurudisha kwa mama yako, akachukua shuka lake, akavuka mfereji kurudi nyumbani kwake.

Basi mama yako akabaki peke yake na saa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alfajiri nashuka mjini, jioni napanda, na neno la kwanza ninalomuuliza ni kama amefuata saa. Alifuata. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, alinitii. Baadaye sana, wewe ukiwa umeanza shule, aliniambia jinsi ilivyokuwa mchana: wewe unalia kwenye kitanda cha kamba, yeye amekaa mkabala nawe amejikumbatia, maziwa yanamtoka yenyewe yanalowesha nguo mpaka magotini, macho ameyakaza kwenye mshale wa saa. Aliniambia kwa utulivu, anamenya ndizi, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Ulilia wiki ya kwanza. Ulilia ya pili na ya tatu. Kufikia mwezi wa pili ukanyamaza. Nami nikafurahi! Nilisema hospitali kwamba mwanangu halii, kwamba watu wote wa mlimani waje waone. Nilikuteremsha nikakupima kwa mizani ya hospitali, uzito ulikuwa mzuri kabisa. Hapakuwa na mizani ya kupima lile lililokuwa limepungua, na hata ingekuwapo nisingekupandisha juu yake, maana nilikuwa nimeshajua majibu yangu.

Miezi mitatu ilipokaribia, siku ya mama yako kutoka nje aonekane, ilibidi Bibi yako aitwe. Shughuli hiyo haifanyiki bila yeye. Akaja, akanisalimu kama jirani, akaketi mlangoni penye mwanga akakupakata. Akakuita kwa jina lako la nyumbani, ambalo ni jina lake yeye. Ukageuza uso ukatazama ukuta. Akakuhamishia mkono wa pili, akakuita tena. Ukageuza uso upande mwingine. Hapo mfuniko wa chungu ukaanguka jikoni kwa kishindo. Ulishtuka mwili mzima, ukafungua kinywa kama mtoto anayetaka kulia, na sauti haikutoka. Ukakifunga. Hukumtazama mtu yeyote.

Bibi yako akasema kwa Kichagga, polepole, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Mtoto huyu ameacha kungoja watu."

Nikamwambia, "Ana afya, Mama. Nimempima mwenyewe."

"Sikusema hana nyama. Nasema hangoji mtu."

Niliondoka kwa hasira. Kesho yake nikiwa kazini nilikuwa naita wagonjwa barazani, na palikuwa na mama mmoja kwenye foleni na mtoto wa umri wako. Mtoto akaanza kulia. Yule mama alikuwa bado anahangaika kufungua mbeleko, hajampa ziwa wala hajamgusa, akageuka tu akamwambia, "Naja, naja, baba." Mtoto akanyamaza pale pale, akamtazama usoni akingoja. Hakuwa amepata kitu chochote ila jibu. Nilisimama na karatasi yangu ya majina mpaka watu wakaanza kuguna. Nilikuwa nimeona jambo hilo mara elfu kwenye baraza ile ile, na siku hiyo ndiyo nililiona.

Niliomba ruhusa, nikapanda mlima mchana, viatu vimejaa vumbi na sikuvifuta. Nikamkuta mama yako ameketi mahali pake. Nikamwambia, "Mnyonyeshe." Hakuinuka. Aliinua macho akaitazama saa, akasema, "Saa nane bado."

Felista, nimewaona watu wakifa mikononi mwangu, na hakuna maneno yaliyowahi kunikata maini kama hayo matatu. Nilikuwa nimemfanya mama asiyaamini maziwa yake mwenyewe. Kwa hiyo juzi nilipokusikia unasema maziwa yako hayafai, niliisikia sauti yake.

Ile saa niliitoa ndani. Nikakata jani la sale kwenye mpaka wa shamba letu la kihamba, nikavuka mfereji kwenda kwa mama yangu. Kwetu mtu akikuletea sale huwezi kumkatalia msamaha, hata kama bado una uchungu. Nilipiga magoti nikampa. Alilipokea, akalishika kitambo, kisha akaniuliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akanipa ndizi za kuchoma, akangoja nimalize, akachukua fimbo yake tukaja wote.

Lakini kwako wewe ningekwenda na nini? Mtoto mchanga hapokei sale. Nilikupita pale ulipolala, nikatoka nje.

Kilichofuata kilikuwa kazi yao wale wanawake wawili. Mama yako alikaa nawe ngozi kwa ngozi kutwa, anakunyonyesha ukitaka na usipotaka. Bibi yako alikuwa anakuita, kisha ananyamaza, anakutazama tu. Nilidhani amesahau alichotaka kusema. Nikamuuliza, "Mama, unangoja nini?" Akasema, "Namngoja ajibu." Nikacheka kidogo, mtoto wa miezi mitatu ajibu nini. Lakini siku zikapita, ukaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni, kwa wizi, kama mtu anayedaiwa. Halafu asubuhi moja ulilia. Ulilia kwa sauti kubwa ya ugomvi, ikasikika mpaka ng'ambo ya mfereji, na Bibi yako akapiga vigelegele! Majirani walikuja mbio wakidhani pana posa. Akawaambia, "Mjukuu wangu ameniita." Mama yako alikuwa anacheka na kulia pamoja, nawe unaendelea tu. Baada ya hapo hukunyamaza tena mwaka mzima. Ulikuwa na kelele kuliko huyu Aloisi wako, na hiyo ndiyo kweli niliyopaswa kukujibu juzi.

Tabasamu lako la kwanza ulimpa mama yako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaliona kutoka pembeni.

Na mlangoni ndiko nilikobaki, mwanangu. Hili ndilo kosa langu la pili na limedumu kuliko la kwanza. Niliogopa kukugusa nisije nikaharibu tena, nikajificha nyuma ya desturi, nikasema mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Hukuwa mchanga tena nami nikaendelea kusema hivyo. Ulipokuwa na miaka sita ulianguka kwenye mawe ya mfereji ukapasuka goti. Nilikuwa hapa hapa uani, mfuko wa dawa na bendeji kando yangu, dresa wa mlima mzima. Ukanipita unachechemea, damu inatiririka mpaka kwenye kisigino, ukaenda kwa Bibi yako akuwekee jani. Sikukuita. Kuna jioni nyingine ulikuwa unakuja kuketi karibu nami nikipaka viatu rangi, hunisemeshi, unatazama tu mikono yangu. Nikakuambia kamsaidie mama yako. Ulikuja jioni tatu au nne, kisha hukuja tena.

Sijui kama hayo yalitoka katika ile miezi mitatu. Mtu aliyesoma zaidi yangu huenda anajua. Umekua binti mwenye akili na heshima, unanisalimu vizuri, unaniletea maji ya kunawa, na watu wananisifu kwa malezi ambayo si yangu. Nami nimekukumbuka miaka yote hii wewe ukiwa nyumba hii hii. Ulipokwenda bweni nilidhani nitakukumbuka zaidi, nikakuta ni vile vile.

Sasa sikia habari za Aloisi, kisha nikuache. Nimekuangalia miezi hii nikiwa kwenye kahawa, maana kahawa yetu iko karibu na mlango kuliko unavyodhani. Anaita, unakuja. Unadhani ni njaa, kumbe sio. Unadhani ni tumbo, sio. Unamwinua unamwonyesha majani ya migomba, unamwambia maneno ya kipuuzi, unanyamaza, naye anakujibu "guu," nawe unamwambia, "Kumbe!" Hakuna aliyekufundisha hilo. Labda Bibi yako alikufundisha huna hata meno. Mtoto huyo analia kwa nguvu kwa sababu ana hakika kuna mtu atakayekuja. Kuna siku hutajua anataka nini mpaka alale amechoka, na wewe umechoka, na utamkaripia, kisha utaona haya. Siku hiyo mrudie tu. Wewe ulirudiwa ukiwa umekwisha kukata tamaa, na ulikubali.

Korogwe hutakuwa na shangazi wala Bibi. Tafuta mwanamke mmoja mwenye watoto, hata kama lugha yake ya nyumbani huijui, uwe unakwenda kuketi kwake. Mama mwenye mtoto mchanga asikae peke yake na ukuta. Na Gaspari usimwache asimame mlangoni. Akirudi kazini mpe mtoto hajavua viatu. Atasema hajui kumshika. Mwambie baba mkwe wake naye hajui, na ona kilichompata.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome kabla hatujashuka mjini. Ukinisoma usije kunijibu kwa maneno, nitashindwa. Nina ombi moja. Miezi hii mitatu na zaidi sijamshika Aloisi. Shangazi yako alinipa mara mbili nikasema mikono yangu ina dawa. Kesho stesheni, mizigo ikishapakiwa, treni husimama kidogo kabla ya kuondoka. Nipe mtoto. Atalia, hanijui, nanuka jasho na spiriti. Usimchukue upesi. Watu wakitucheka waache wacheke. Nitamwambia naja, naja, hata kama nimeshafika. Wewe panda, keti dirishani, mwache alie kifuani mwangu mpaka filimbi ya mwisho, ndipo nikunyooshee umpokee.

Ukiona huwezi kunipa, panda naye, nitaelewa na nitawapungia mkono. Lakini ukiweza nipe, Felista. Wewe ukiwa mdogo hivyo ulilia wiki tatu nzima ukiniita mimi pia, nami sikuja.

Ni mimi baba yako.